Moshi Ulipoisha Webuye

Mwaka 2015 tulikuwa watu watatu, simu moja yenye kamera nzuri, na wazo ambalo tuliliona kali sana. Tulitaka kutengeneza filamu fupi ya ushairi, dakika nne hivi, kuhusu viwanda vilivyokufa na jinsi nyasi, miti na ndege wanavyorudi kukalia nafasi yao. Mimi niliandika shairi. Mwenzetu mmoja alishika kamera. Wa tatu alikuwa na kompyuta isiyokwama sana, kwa hivyo kazi ya kuhariri na sauti ikawa yake. Pesa hatukuwa nazo. Tulikuwa na nauli ya kwenda, nauli ya kurudi, na kitu kidogo cha chai.

Mahali tulipachagua kwa pua. Kama uliwahi kupanda basi la Nairobi kwenda Malaba kabla ya 2009, unajua ninachosema. Mkishapita Turbo na kuanza kuteremka, harufu ya mayai yaliyooza inaingia ndani ya gari hata madirisha yakiwa yamefungwa. Watoto wanajiziba pua, watu wazima wanacheka, na mtu mmoja lazima aseme, "Sasa tumefika Webuye." Ilikuwa harufu ya Pan African Paper Mills, kiwanda cha karatasi. Mimi nilikuwa mmoja wa wale watoto. Halafu kiwanda kikafungwa, harufu ikaisha, na mabasi yakaanza kupita Webuye bila mtu kuamka usingizini.

Basi nikaandika shairi kabla hata hatujafika. Lilianza hivi:

Chuma kimelala,
nyasi zimeamka.
Mwenye nyumba amerudi,
hakubisha hodi.

Kusema ukweli, nilijipenda sana kwa mstari huo wa mwenye nyumba. Niliuona ndio moyo wa filamu nzima: asili ni landilodi, kiwanda kilikuwa mpangaji tu, kodi imemshinda, ameondoka. Insha hii ni hadithi ya mstari huo na jinsi historia ilivyonilazimisha kuufuta.

Popo wa Pate

Kwanza niseme wazo letu halikuwa jipya. Kiswahili kina shairi kubwa la magofu kuliko tulivyodhani sisi na simu yetu. Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir alitunga Al-Inkishafi mwanzoni mwa karne ya 19, akiitazama Pate, mji wa kisiwani karibu na Lamu uliotajirika kwa biashara ya Bahari ya Hindi kisha ukaporomoka. Mshairi anauchukua moyo wake mwenyewe na kuuonyesha majumba ya matajiri. Taa zimezimika. Popo na ndege wamehamia vyumbani, buibui wametanda, majani yameziba njia. Kisha anauliza: mabwana waliokuwa hapa wako wapi?

Nilisoma Al-Inkishafi shuleni kama kila mtu, kwa ajili ya mtihani, na nikaisahau kama kila mtu. Niliirudia tulipokuwa tunapanga filamu, nikitafuta uhalali. Nikidhani babu yetu wa fasihi atatubariki.

Lakini ukiisoma vizuri, nyasi za Pate si shujaa wa shairi. Hazikushinda vita yoyote. Zipo pale kama shahidi mahakamani, na swali linaloulizwa mbele ya shahidi huyo ni kuhusu watu. Unaweza kumlaumu mshairi kwamba anawaulizia zaidi mabwana kuliko waliowabebea maji na kuwajengea kuta. Hata hivyo anauliza. Filamu yetu haikuuliza yeyote yuko wapi. Kwenye orodha yetu ya picha tulizopanga kupiga hakukuwa na mtu hata mmoja. Tulikuwa tumeandika kwa herufi kubwa: WATU WASIONEKANE.

Sauti inayotoka juu

Filamu za ushairi zilipoanza zilikuwa upande wa mashine. Mwaka 1921 Charles Sheeler na Paul Strand walitengeneza Manhatta, filamu fupi ya jiji la New York yenye moshi, meli, madaraja na majengo marefu, na katikati ya picha wakaweka maneno ya mshairi Walt Whitman. Mwaka 1936 Uingereza ikatoa Night Mail, kuhusu treni inayobeba barua usiku kwenda Scotland. W. H. Auden aliandika shairi lake likifuata mdundo wa magurudumu. Moshi katika filamu hizo ni kitu cha kujivunia.

Kufikia 1979 upepo ulikuwa umegeuka. Andrei Tarkovsky alitoa Stalker, ambayo sehemu kubwa yake ilipigwa karibu na Tallinn, Estonia, kwenye mitambo ya umeme wa maji iliyotelekezwa. Humo kuna chuma kilichozama, ukungu, nyasi ndefu, na shairi la baba yake Tarkovsky linasomwa katikati ya safari. Karibu kila kijana anayepiga picha za magofu leo anaiga filamu hiyo, ajue asijue. Sisi tulijua. Mpiga picha wetu alikuwa ameitazama mara tatu.

Kitu ambacho hatukukifikiria ni maneno aliyosema baadaye fundi wa sauti wa filamu hiyo, Vladimir Sharun. Alieleza kwamba upande wa juu wa mto kulikuwa na kiwanda cha kemikali kilichokuwa kikimwaga uchafu majini, na akaamini kwamba sumu hiyo ndiyo iliyokuja kuwaua baadhi ya waliofanya kazi pale, Tarkovsky mwenyewe akiwemo. Povu jeupe linaloelea mtoni kwenye filamu halikuwa ushairi. Maana yake, wakati dunia ikitazama "asili inayorudi", kiwanda kingine kilikuwa kazini nyuma ya kilima.

Na hapa kwetu? Filamu ilikuja Afrika Mashariki ikiwa imevaa miwani ya mwalimu. Kati ya 1935 na 1937, kule Vugiri katika milima ya Usambara, Tanganyika, kulikuwa na mradi ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Ulitengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika kilimo, afya na kuweka akiba, kisha ukazizungusha Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Sauti haikuwa kwenye filamu yenyewe. Ilichezwa kutoka kwenye sahani za santuri, kwa Kiswahili au lugha nyingine. Kwa hivyo mtu wa kwenye picha analima, anapika, anacheka, na sauti ya mtu mwingine kabisa inatoka pembeni kueleza anachofanya na anachopaswa kufanya.

Nilipolijua hilo nilifikiria shairi langu. Nilikuwa nimelirekodi nyumbani, chini ya blanketi ili kelele za mtaa zisiingie, wiki mbili kabla ya kuiona Webuye. Santuri yangu ilikuwa tayari. Ilibaki tu picha za kuwekwa chini yake.

Daftari lilitoka wapi

Wakoloni waliuita mji huu Broderick Falls, kwa sababu ya maporomoko ya Mto Nzoia ambayo wenyeji wanayaita Nabuyole. Juu ya mji kuna vilima vya Chetambe. Mwaka 1895 Wabukusu walijihami ndani ya ngome zao, kwanza Lumboka kisha Chetambe, dhidi ya msafara wa Waingereza uliopelekwa na C. W. Hobley. Mikuki na ngao vilikutana na bunduki, na wengi waliuawa. Miaka ya 1920 reli ya kwenda Uganda ikapita hapa. Uhuru ulipokuja, jina la Broderick likaondoka na Webuye ikarudi.

Kiwanda kilizaliwa kutokana na ndoto ya nchi changa kujitengenezea vitu vyake. Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali ya Kenya iliungana na Orient Paper Mills ya India, ya familia ya Birla, pamoja na IFC, tawi la Benki ya Dunia linalowekeza katika kampuni. Uzalishaji ulianza 1974. Mahali hapa palikuwa na kila kitu: mto mkubwa, reli mlangoni, na miti. Mashamba ya miti ya kulisha kiwanda yalipandwa upande wa Turbo, hasa misonobari na saiprasi.

Karatasi hutengenezwa kwa kupika mti. Gogo linamenywa gome, linakatwakatwa vipande vidogo, na vipande vinapikwa kwa mvuke pamoja na kostiki soda na kemikali yenye salfa. Kinachoshikanisha nyuzi za mti kinayeyuka, na nyuzi zinabaki kama uji. Uji huo unaoshwa, unatandazwa kwenye wavu, unakamuliwa na kukaushwa hadi unakuwa karatasi. Inahitaji maji mengi ajabu, na ndiyo maana kiwanda kilikaa karibu na Nzoia. Ile harufu ya mayai yaliyooza ni gesi za salfa zinazotoroka wakati wa kupika. Pua ya binadamu inazinusa hata zikiwa kidogo sana.

Sasa fikiria hili. Karatasi ya Webuye ilikwenda kwenye magazeti, vitabu, mifuko ya kufungia bidhaa na madaftari. Kama ulisoma shule ya msingi Kenya miaka ya themanini au tisini, kuna uwezekano mkubwa kwamba ulijifunza kuandika jina lako juu ya mti uliopikwa pale. Shairi langu la kwanza, la mama, lenye vina vibovu, niliandika kwenye daftari la kurasa 48. Nilikuwa najiziba pua nikipita Webuye huku mkoba wangu umejaa Webuye.

Gharama yake wenyeji waliijua. Mabati ya nyumba yalikuwa yakiliwa na kutu mapema mno, na watu wakaizoea hali hiyo kama wengine wanavyozoea mafuriko. Walilalamikia kikohozi, walilalamikia rangi ya maji ya mto. Misitu nayo ililipa. Serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwaka 1999, Pan Paper ilikuwa kati ya kampuni chache zilizoruhusiwa kuendelea.

Lakini mji nao ulikula. Mshahara wa kiwandani uliingia kwa muuza nyama, kwa fundi wa baiskeli, kwa mwenye nyumba za kupanga, na kwa malori yaliyoleta magogo. Webuye ilikuwa mji wa zamu: king'ora kikilia, barabara inajaa.

Mwanzoni mwa 2009 kiwanda kikasimama, kikiwa kimezama kwenye madeni, yakiwemo ya umeme. Kikafufuliwa kwa muda mfupi kwa mbwembwe za serikali, kisha kikalala tena. Tulipofika sisi 2015, bomba la moshi lilikuwa limesimama tu, safi, kama mnara wa kumbukumbu ya kitu ambacho hakuna aliyekubaliana ni nini.

Miguu

Hatukuwa na kibali cha kuingia. Hilo lilikuwa kosa letu, tulidhani mlango wa kiwanda kilichofungwa haufungwi. Mlinzi alitusikiliza kwa upole, akatuangalia viatu, akasema ndani haiwezekani ila barabarani ni kwa kila mtu. Kwa hivyo tulizunguka nje ya ua siku nzima.

Na picha tulipata, bana. Lantana ilikuwa imepanda ua hadi juu, ina maua ya rangi ya chungwa na waridi. Mibarika ilikuwa imesimama kwenye kokoto. Kwenye nyaya kulikuwa na viota vya kwera, wengi, wanapiga kelele kama wako sokoni. Kishonanguo kilijaa kwenye soksi zetu. Katika ufa wa ukuta mmoja, mche wa mkuyu ulikuwa umeota, majani matano tu, mizizi imeshuka kwenye saruji kama vidole. Mpiga picha alikaa dakika ishirini na mche huo. Nilisimama nyuma yake nikinong'ona, "Mwenye nyumba amerudi." Tulikuwa na furaha ya watu waliokuja na jibu na kulikuta linawasubiri.

Saa kumi tukaenda kunywa chai kwenye kibanda kando ya barabara. Mama mwenye kibanda alitaka kuona picha, tukamwonyesha. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi pale na kikombe akasogea, akavaa miwani.

"Mnapiga picha ya nini, vijana?"

"Ya majani, mzee," nikasema. "Vile yanameza kiwanda."

Akaishika simu mwenyewe. Akairudisha picha nyuma, akaitazama tena. Ilikuwa ile ya uwanja mdogo mbele ya ua, nyasi za kufika magotini, jua la jioni limezipiga kwa pembeni. Tulikuwa tumeamua hiyo ndiyo itafungua filamu.

"Hapa," akasema, "ndipo tulikuwa tunasimama kungoja zamu. Miaka yote hiyo hapakuwa na majani."

"Kwa sababu ya kemikali?" mhariri akauliza.

Mzee akamtazama kana kwamba hakusikia vizuri. "Kemikali ya nini? Kwa sababu ya miguu yetu."

Hakuna aliyejibu. Mama akajaza vikombe. Kisha akasema, "Lakini mzee, sema yote. Mabati yangu sahi ni mwaka wa tano na bado yanang'aa. Zamani ningekuwa nimeyabadilisha. Na huyu mtoto wangu wa mwisho hakohoi kama wale wakubwa."

"Hiyo ni kweli," mzee akasema. "Siwezi kataa. Harufu ilikuwa mbaya."

"Mbaya sana."

"Lakini ilikuwa na mwisho wa mwezi."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha watu ambao wameubishania mjadala huu mara nyingi na hawana haja ya mshindi. Sisi watatu tukaangalia chini. Usiku huo kwenye gesti, vitanda viwili watu watatu, tulicheza picha za siku nzima bila sauti. Kisha nikaweka shairi langu juu yake kwa simu nyingine. Sauti yangu ilisikika kama santuri ya Vugiri.

Asili ni ya nani

Jambo la kwanza lililovunjika lilikuwa neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunasema asili tukimaanisha mazingira, mimea na wanyama, lakini asili pia ni chimbuko, mahali kitu kilipotoka. Neno moja linabeba mambo mawili, na mimi nilikuwa nimeyachanganya bila kuuliza.

Nikaanza kuuliza. Lantana iliyopamba ua wetu ilitoka Amerika ya kitropiki. Ililetwa kama ua la bustani na sasa inawasumbua wakulima na wafugaji sehemu nyingi za Afrika. Misonobari ya Turbo ni ya Mexico. Mikaratusi tunayoiona kila kona ya magharibi mwa Kenya ni ya Australia. Katika vitu tulivyopiga, mkuyu na kwera walikuwa na haki ya kusema walikuwa hapa zamani, na hata mkuyu ulikuwa unaishi kwenye saruji. Asili iliyorudi Webuye haikuwa asili ya Webuye. Ilikuwa kile kinachoota haraka mahali ambapo watu wameacha kupita.

Na hata kama ungekuwa msitu wenyewe wa zamani, mstari wangu ungekuwa bado na shida. Nilisema mwenye nyumba amerudi. Lakini kilima cha Chetambe kiko pale pale juu ya bomba la moshi, na kinajua ardhi hii ilichukuliwa vipi na kutoka kwa nani. Kuiita lantana mwenye nyumba, mbele ya watu waliopigania nyumba hiyo mwaka 1895, na wengine waliotoa nguvu zao mle ndani tangu 1974, ni dharau. Sikuikusudia, lakini ilikuwa dharau.

Jongoo wa Bamburi

Mhariri wetu ni mtu wa Mombasa, na ndiye aliyesema kabla ya kuitupa filamu twende kwao tukaone mahali ambapo kweli kitu kilirudi. Alimaanisha Haller Park, Bamburi. Nikacheka. Haller Park ni mahali pa trip ya shule: unaona kiboko, unalisha twiga, unanunua soda. Wengi wanaijua kwa sababu ya Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe mzee aitwaye Mzee kuwa ndugu.

Lakini chini ya miti hiyo kuna machimbo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi kilianza kuzalisha mwaka 1954, na malighafi yake ni mawe ya matumbawe ya kale, bahari iliyogeuka mwamba. Waliyachimba hadi karibu na maji ya chini ya ardhi. Kilichobaki kilikuwa shimo kubwa jeupe, bila udongo, lenye maji ya chumvichumvi na joto linaloakisiwa na mwamba. Eneo hilo lingeachwa peke yake, lingebaki jeupe kwa muda mrefu sana. Hakuna mwenye nyumba aliyekuwa anarudi.

Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi aliyekuwa akifanya kazi na kampuni hiyo, alianza kujaribu kupanda miti mle. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, 3 tu ndizo zilizostahimili. Mti uliobeba kazi kubwa ni mvinje, ule mwembamba unaoonekana ufukweni, wenye majani kama sindano. Mvinje unavumilia chumvi, na kwenye mizizi yake kuna vijidudu vinavyochukua naitrojeni kutoka hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mti.

Miti ikakua. Lakini sindano zilizoanguka hazikuoza. Zina tanini nyingi, na katika mwamba ule mtupu hakukuwa na viumbe wa kuzivunja. Kulikuwa na miti bila udongo, zulia la sindano kavu juu ya jiwe. Kisha Haller akamwona jongoo wa Pwani mwenye miguu myekundu, yule mnene ambaye kila mtoto wa Mombasa amemgusa kwa kijiti ili ajikunje, akizila sindano hizo. Majongoo yakakusanywa na kuletwa machimboni. Yalikula, yakanya, na kinyesi chao kikaanza kuwa udongo. Juu ya udongo huo ndipo miti mingine, wadudu, ndege na wanyama walipopata pa kushika. Mwaka 1984 sehemu hiyo ikafunguliwa kwa wageni.

Tulikaa chini ya mivinje tukimrekodi jongoo mmoja akivuka sindano. Dakika tatu, hakuna kingine. Nilikuwa nafikiria watu ambao hawako kwenye vibao vya maelezo: waliotoboa mashimo kwenye mwamba chini ya jua lile, waliobeba miche, waliotafuta majongoo na kuyahesabu kwenye ndoo. Sijui kazi ya mtu kurudisha kiumbe mdogo mahali palipochimbwa inaitwaje katika ushairi. Kwenye karatasi ya malipo huitwa kibarua.

Pia tuseme lote. Kiwanda cha Bamburi hakikufa. Msitu ule ulipandwa na kampuni ambayo ilikuwa bado inachimba na kuuza saruji, na saruji hiyo ndiyo iliyojenga ghorofa ninazoishi. Hatukwenda kutafuta malaika. Tulichojifunza ni kidogo na kinatosha: mahali palipoharibiwa na kazi panaweza kuhitaji kazi ili kupona, na kazi ina watu. Webuye ilipewa ukimya. Bamburi ilipewa vibarua na majongoo. Kuziita zote mbili "asili imeshinda" ni kufuta tofauti ambayo wenyeji wanaiishi kila siku.

Picha ya mwisho

Tulikopa nauli ya kurudi Webuye. Hii ndiyo sehemu ambayo mpiga picha wetu bado ananidai.

Tulimkuta mzee kwenye kibanda kile kile. Tukamweleza kwamba tunataka kumpiga picha, na yeye akasema uso wake hataki, ana sababu zake. Tukamwambia hatutaki uso. Akacheka sana alipojua tunachotaka. Akatembea nasi hadi pale mbele ya ua, akaingia kwenye nyasi, akasimama mahali ambapo alisema ndipo palikuwa pake katika foleni ya zamu ya asubuhi. Akakaa pale kama anayengoja. Kamera ilikuwa chini, usawa wa viatu. Nyasi zililala chini ya nyayo zake, na alipoondoka zilianza kuinuka taratibu, moja moja, hadi huwezi kujua kama kuna mtu aliyesimama.

Filamu ina dakika nne na sekunde kumi na moja. Inaanza na jongoo na inaishia na miguu. Mche wa mkuyu umo katikati, nusu dakika, kwa sababu ni mzuri na sioni haya kusema hivyo. Sauti ya mama wa chai na mzee wakibishana kuhusu mabati na mwisho wa mwezi imo, kwa ruhusa yao. Shairi langu lilikuwa na mistari arobaini. Sasa ina minne, na inasomwa mwishoni, baada ya nyasi kuinuka:

Hapa hapakuota nyasi,
palikuwa na miguu.
Sasa zimeota.
Iulizie miguu.

Mwaka uliofuata, 2016, kiwanda kikauzwa kwa kampuni za familia ya Rai, na habari za kufufuliwa kwake zikaanza tena. Tuliionyesha filamu sebuleni kwa rafiki, watu kumi na wanne, projekta ya kuazima, umeme ulipotea mara moja. Mtu mmoja alisema ilikuwa fupi mno. Mwingine, ambaye amekulia Bungoma, alitoka nje kidogo akarudi baadaye.

Tuliituma pia kwa mama wa kibanda kwa WhatsApp amwonyeshe mzee. Siku mbili kimya. Kisha ukaja ujumbe wa sauti, magari yanapita nyuma yake. Mzee alitushukuru, akatuombea safari njema katika masomo yetu ingawa hakuna aliyekuwa anasoma, halafu akauliza kama tunaweza kumtumia ile sehemu ya viatu peke yake. Alitaka kuwaonyesha wenzake wa zamu.